Chombo Kinabisha

Kibiti, Jumapili, baada ya magharibi

Atupele mwanangu,

Mama yako amekwisha kukupa maagizo ya chandarua, ya maji ya kuchemsha na ya kutozungumza na kila mtu kwenye basi. Nimemsikia akiyarudia mara mbili, kwa hiyo mimi sina la kuongeza hapo. Barua yako ya kupangiwa kituo iko kwenye bahasha ya kaki ndani ya mkoba mdogo, nimeiona. Kesho alfajiri unaondoka kwenda Ukerewe kufundisha fizikia, somo ambalo mimi nimelifundisha karibu maisha yangu yote ya kazi, na majirani wananipongeza kana kwamba kituo hicho nimepangiwa mimi.

Nakuandikia jambo moja ambalo sijawahi kulisema nyumbani. Ningeweza kukueleza kwa mdomo, tumekaa barazani, lakini najijua. Mbele ya uso wako ningelipunguza. Kwenye karatasi nitaliacha lilivyo.

Kisa cha wewe kupelekwa hospitali ya Mchukwi ukiwa na miaka miwili unakijua. Mama yako hukisimulia kila anapopata mgeni wa kumsikiliza: degedege, mashua, upepo wa mbele, Mungu mkubwa. Yote anayosema ni kweli, ila anaanzia katikati. Mwanzo wake uko darasani, miezi michache kabla, na yeye hakuwapo.

Nilifika deltani, mto unakoingia baharini, nikitokea Rungwe, ambako maji makubwa niliyoyajua ni ya mvua. Kijiji tulichopangiwa kilizungukwa na mikoko na matope. Kukifikia ilikubidi upande chombo kwenye bandari ya Nyamisati, upande wa bara. Nilikuwa na stashahada mpya, mashati matatu, na imani kwamba nimepelekwa kule kuwapa watu kitu wasichokuwa nacho. Mwalimu wa fizikia nilikuwa mimi peke yangu.

Siku hiyo mada ya kidato cha pili ilikuwa kani. Nikachora ubaoni mashua yenye tanga la pembetatu, kama zile walizokuwa wakiziona kila siku, na mshale mrefu kuonyesha upepo. Nikauliza chombo kitakwenda wapi. Wakajibu kwa pamoja kwamba kitafuata mshale. Nikaandika kwamba chombo cha tanga hakiwezi kwenda upande ule upepo unakotoka, nikapiga mstari chini ya sentensi.

Msichana mmoja aliyekaa dirishani akanyoosha mkono. Aliitwa Mwanahawa, alikuwa na kama miaka kumi na mitano, binti wa nahodha wa pale kijijini, Mzee Shomari.

"Mwalimu, mbona kinakwenda?"

"Kinakwenda kwa injini."

"Kwa tanga, Mwalimu. Upepo ukiwa wa mbele, chombo kinabisha."

Darasa likacheka. Leo najua walicheka kwa sababu walilijua neno lile na mimi silijui. Kwa watu wa pwani, kubisha ni kukiendesha chombo cha tanga kuukabili upepo, kikikata mshazari huku, kikageuka, kikakata mshazari kule, mpaka kifike. Mimi nilijua kubisha kwa maana moja tu, ya mtu anayekataa kukubali anachoambiwa. Nikasikia mtoto ananiletea ubishi na wenzake wananicheka.

"Hapa anayebisha ni wewe," nikasema. "Njoo utuonyeshe."

Akaja, akachukua chaki, akachora mstari uliopinda-pinda kuelekea kwenye mshale wangu. Nikamfuata nyuma nikimuuliza kwenye kila kona: hapa upepo unakisukuma wapi? Nyuma. Na hapa? Nyuma. Sasa kinachokipeleka mbele ni nini?

"Hicho sijui kukichora, Mwalimu," akasema. "Ila mimi nimepanda."

Atu, mwaka ule mzima hakuna mwanafunzi aliyenipa jibu la kisayansi zaidi ya hilo. Mtoto alitenganisha alichokiona na asichoweza kukieleza, na hakuficha hata kimoja. Nikampa sifuri. Nikamtaka aiandike sentensi yangu mara hamsini. Akakataa. Hakununa wala hakupaza sauti. Alisema tu kwamba hawezi kuandika jambo ambalo si kweli. Nikamtoa kwenye somo mpaka aje na mzazi.

Mzee Shomari alikuja siku ya pili yake, amevaa kanzu ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu asiyetaka kukichafua.

"Mwalimu, mwanangu kakosa nini?"

"Amekuwa mbishi, mzee. Anapinga ninachofundisha."

"Kapinga lipi?"

Nikamsomea sentensi. Mtu yule alikuwa akibisha na chombo tangu mimi sijazaliwa, na mikono yake ilikuwa na sugu za kamba mpaka kwenye vifundo. Aliisikiliza sentensi yote. Akatazama sakafu. Kisha akamgeukia binti yake aliyesimama mlangoni.

"Muombe radhi Mwalimu."

"Baba, lakini wewe mwenyewe..."

"Hapa shuleni mzazi wako ni Mwalimu. Muombe radhi, na uandike alichokwambia."

Akaniomba radhi. Akaandika mara hamsini kwa mwandiko mzuri, nami nikaweka alama ya vema chini ya ukurasa.

Sikupata kumuuliza mzee yule kwa nini alifanya vile. Nadhani alipima. Shule ilikuwa moja, mwalimu wa somo lile alikuwa mmoja, na walimu wa kuja ni wepesi wa kununa na kuhama. Akaona heri ameze anachokijua, ili mwanawe abaki kwenye dawati. Wakati ule sikuyaona hayo. Niliona mzazi mwenye busara. Tangu siku hiyo Mwanahawa hakunyoosha mkono tena kwenye somo langu, nami nikadhani amenyooka.

Sasa nafika pale anapoanzia mama yako.

Homa ilikushika Ijumaa. Jumamosi asubuhi ukapata degedege mikononi mwake. Muuguzi wa zahanati alikuchoma sindano aliyokuwa nayo, akasema upelekwe Mchukwi, na uondoke saa ile ile. Boti la injini la kijiji lilikuwa limevutwa juu, injini imefunguliwa na vipande vyake vimetandazwa juu ya gunia. Jingine lilikuwa limekwenda Mafia. Yalikuwa majira ya kaskazi, na upepo ulivuma moja kwa moja kutoka upande wa Nyamisati.

Mzee Shomari alikuwa akipakia nazi kwenye mashua yake. Alimwona mama yako anakimbia amekubeba. Aliwaambia wapakiaji washushe. "Zile za chini ziacheni," akasema, "chombo kisiwe chepesi mno." Nilisimama majini, suruali imelowa hadi magotini, mwanangu amepinda shingo kwenye bega la mke wangu, na kitu cha kwanza nilichosema kilikuwa hiki:

"Mzee, upepo unatoka huko huko tunakokwenda. Tutafikaje?"

Mama yako alikuwa analia, hakusikia. Mzee alisikia. Wala hakutabasamu.

"Tutabisha, Mwalimu. Panda."

Baharia wake alikuwa Mwanahawa. Kaka yake, aliyezoea kazi ile, alikuwa amekwenda Dar es Salaam.

Mashua haikuelekea Nyamisati. Ilikata kwenda ng'ambo, kwenye ukuta wa mikoko, imelala ubavu, tanga limekazwa karibu kabisa na chombo, na maji yakipita pembeni kwa kasi ambayo sikuitegemea. Hewa ilitupiga usoni. Mama yako akakufunika kwa kanga, akauliza mbona upepo unazidi.

"Upepo ni ule ule, mama," Mzee Shomari akamjibu kutoka kwenye usukani. "Sisi ndio tunaouendea."

Nilikuwa nimefundisha mwendo linganifu, yaani mwendo wa kitu ukipimwa na mwendo wa kingine, wiki mbili kabla, kwa mfano wa magari mawili ambayo wanafunzi wengi hawajayaona.

Tulipoikaribia mikoko mzee akasukuma usukani, mashua ikazunguka, na Mwanahawa akakimbia miguu mitupu, ameshika pembe ya tanga, akaipitisha mbele ya mlingoti, akaifunga upande wa pili. Chombo kikaanza kwenda kule tulikotoka. Hivyo ndivyo ilivyoonekana.

"Tunarudi!" mama yako akapiga kelele. "Mbona tunarudi?"

Mwanahawa akaja akachuchumaa karibu yake. "Haturudi, Mama Atu. Uone ule mkoko uliokauka, ule wenye ndege. Uushike machoni. Tukija tena ukingo huu, uniambie uko wapi."

Tukavuka, tukageuka, tukarejea. Mkoko mkavu ulikuwa mbele yetu mara ya kwanza. Sasa ulikuwa nyuma, mbali kama urefu wa uwanja wa mpira. Mama yako akauona. Nami nikauona. Mwanahawa alikuwa amefanya kile ambacho mwalimu anatakiwa kufanya: hakumwambia mtu aamini, alimpa alama isiyosogea akapimie mwenyewe.

Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Angeweza kunitazama. Angeweza kusema neno moja tu, na lingekuwa halali yake. Alikwenda akashika kamba yake.

Katikati ya safari ukapata degedege tena. Mama yako akakushika kichwa, Mzee Shomari akawa anasoma dua kwa sauti ya chini bila kuondoa macho kwenye tanga. Mimi nililelewa kanisani, nimekariri zaburi, na halikunijia hata neno. Nilikuwa nahesabu tulivyogeuka. Mara kumi na moja. Maji yalikuwa yanajaa na mkondo ulitusaidia kidogo. Nakutajia hilo usije ukaupa upepo sifa zote.

Nyamisati tulipata pikapu ya mtu wa samaki, ikatufikisha Mchukwi mchana. Ilikuwa malaria, imepanda kichwani. Ulilazwa siku tisa. Daktari alituambia tungesubiri injini itengenezwe tusingekuwa na mgonjwa wa kumleta.

Siku ya nne ulipoomba uji, nilikaa kwenye benchi la nje nikachukua kalamu na kipande cha karatasi. Ilinichukua mpaka jioni. Nilipokuja kuona, nilicheka peke yangu, si kwa furaha. Darasani nilikuwa nimechora mshale mmoja. Nilikuwa nimesahau maji.

Utafundisha hili, kwa hiyo nalieleza mara moja. Tanga lililokazwa mshazari halisukumwi tu kama mlango. Hujaa, hupinda, na upepo unaopita pande zake mbili hulazimika kugeuzwa njia kuelekea nyuma. Anayegeuza upepo naye husukumwa. Kila kani ina kani ya kuijibu. Kani hiyo huliangukia tanga sehemu kubwa kuelekea ubavuni na sehemu ndogo kuelekea mbele. Sasa chombo ni kirefu, kimezama, kina mkuku, ule mti mrefu wa chini unaokata maji. Maji hayakubali kisukumwe kwa ubavu, lakini kwa mbele huyapasua bila shida. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kani inapotea kwa kuzuiwa, na ile ndogo ndiyo inayobaki kufanya kazi. Uso kwa uso na upepo haiwezekani, tanga litapigapiga tu kama nguo kwenye kamba. Mshazari inawezekana. Mwanahawa alikuwa amechora sawasawa kabisa. Alichokosa ni mshale wa maji, na huo ulikuwa wangu kumpa.

Utaona nimeandika kirefu na sijafika kwenye kosa. Kumfedhehesha mtoto kwa jambo nisilolijua lilikuwa kosa la ujinga na kiburi cha ujana, na makosa ya namna hiyo yana dawa. Nilirudi kijijini nikiwa na dawa mfukoni, kwenye karatasi. Ningeingia darasani, nikafuta ubao, nikasema mbele ya wale wale: Mwanahawa alisema kweli, mimi nilikosea, hebu tuone kwa nini. Dakika ishirini.

Sikufanya. Wiki ya kwanza nilijiambia watoto wana mtihani. Wiki ya pili nilijiambia wamesahau. Nilipeleka kilo kumi za mchele kwa Mzee Shomari, akazipokea kwa mikono miwili, akauliza hali yako. Nikaona nimemaliza.

Walipoingia kidato cha tatu wakachagua masomo. Mwanahawa akachagua sanaa. Nilimkuta kwenye kisima cha shule nikamuuliza kwa nini, maana kwenye hesabu alikuwa wa pili.

"Fizikia siijui, Mwalimu," akasema, akajitwika ndoo.

Mwaka huo huo nikafundisha kani kwa kidato cha pili wapya, na safari hii nikafundisha vizuri. Nikachora mshale wa upepo na mshale wa maji. Nikawaambia, "Nyinyi wa pwani mnaita kubisha, leo tutaona sababu yake." Nilisema kana kwamba nimezaliwa nalijua. Madarasa yale kuta zake hazikufika kwenye bati, na kidato cha tatu walikuwa upande wa pili. Sauti yangu ilipita juu. Nilikumbuka hilo katikati ya sentensi, na nikaendelea.

Akaja mkaguzi, nikafundisha somo lile lile mbele yake. Akalisifu, akaandika kwamba mwalimu anatumia mazingira ya wanafunzi. Haikupita muda nikahamishiwa hapa Kibiti na cheo kikapanda. Nyumba hii uliyokulia imetokana na uhamisho ule. Sikuambii hivyo ili ikuwie chungu. Ni nyumba nzuri.

Nimejiuliza kwa miaka mingi kwa nini ilikuwa rahisi kwangu kupanda mashua ya mtu na ikawa vigumu kumtaja darasani. Jibu nililonalo si la fahari. Kwenye mashua nilikuwa na shida, na mtu mwenye shida hana aibu. Darasani nilikuwa na cheo. Nawe kuanzia wiki ijayo utakuwa na cheo, kidogo, cha chaki na kiti, na utashangaa jinsi mtu anavyokilinda. Utakosea tu, sikuombi usikosee. Utawakuta watoto wanaovuka ziwa kwa tanga kuja shule, na watakuwa na maneno yao ambayo si yetu. Ninachokijua ni hiki kimoja, na nimekijua kwa kutokukifanya: kosa ulilolifanya mbele ya watoto arobaini halifutiki kwa mchele uliopelekwa nyumbani kwa mmoja wao.

Barua yako ya kituo ilipokuja mwezi uliopita, nilikaa nayo siku tatu. Siku ya nne nikapanda gari kwenda Nyamisati.

Mwanahawa sasa ana mashua mbili na kibanda pale bandarini, anapokea mizigo. Ni mtu mzima, mnene kidogo, miwani imening'inia shingoni kwa uzi. Alinitambua kabla sijajitaja.

"Mwalimu! Shikamoo. Mtoto hajambo?"

"Marahaba. Hajambo. Anakwenda kuwa mwalimu. Wa fizikia."

"Mashallah," akasema, akaniwekea kiti.

Mzee Shomari amefariki miaka sita sasa. Nilikuwa nimepanga niyaseme mbele ya wote wawili. Nikasema mbele ya mmoja. Nilimtajia sentensi, sifuri, zile mara hamsini, na lile darasa la mwaka uliofuata. Nilimwambia nilijua anasikia. Alinimiminia chai huku nikisema.

"Ile ya mara hamsini hata sikuwa naikumbuka sana," akasema nilipomaliza. "Nakumbuka tulivyorudi nyumbani. Tulipofika baba akavua kanzu, akaenda kukaa ndani ya mashua, iko juu ya matope, maji yametoka. Alikaa kule mpaka adhuhuri. Ndiyo nilikuwa naikumbuka hiyo."

Nikamwambia naomba radhi, kwake na kwa baba yake.

"Mimi nilikusamehe zamani, Mwalimu. Siku ile ya mtoto. Ulikuwa na sura ya mtu aliyekwisha adhibiwa. Na baba hakuwa mtu wa kuweka jambo moyoni."

Nilidhani nimefika. Akachukua kikombe changu, akaniongezea chai, akakirudisha mbele yangu.

"Ila fizikia nilikuwa naipenda," akasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anavyotaja mahali alipowahi kuishi. Kisha wakamwita kutoka kwenye vyombo, kuna magunia yalikuwa yanahesabiwa vibaya, akavaa miwani yake akatoka. Nilibaki na chai. Nilikaa mpaka ikapoa, nikaondoka.

Jioni ile uliniuliza nilikuwa wapi, nikakwambia nimekwenda Ikwiriri kutafuta mbegu za ufuta. Haikuwa kweli. Nilikuwa Nyamisati.

Ufike salama, mwalimu mwenzangu.

Baba yako